Fomu Mbili Juu ya Friji

S.L.P. 61,
Dolany, Nebraska.
Jumapili, 11 Februari 2018.

Mpendwa mdogo wangu Leland,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kwamba lile goti ulilolilalamikia wakati wa Krismasi limetulia. Umekwenda kumwona daktari, au bado unalitibu kwa kulitukana? Kabla ya kukaa kuandika nimeangalia hali ya hewa ya huko kwenu Nome, Alaska. Mnatuzidi baridi kwa nyuzi nne tu, kwa hiyo usitarajie pole nyingi kutoka kwangu.

Mimi sijambo. Presha imeshuka tangu nipunguze chumvi. Pale ofisini wanasema hata utani wangu umeshuka nayo. Gazeti bado linatoka kila Jumatano, kurasa kumi na mbili, ingawa sasa tuko watatu tu na mmoja wetu ndiye anayefagia pia. Binti yako Tessa naye hajambo. Amekonda kidogo, kama wote wanaofanya kazi na ng'ombe mwezi huu, lakini anakula. Nyumba yako niliipitia Alhamisi. Mabomba hayajaganda, na paa la upande wa ghala limestahimili theluji.

Huku ni msimu wa ng'ombe kuzaa, na simu ya zahanati ya mifugo anakofanya kazi Tessa hailali. Anarudi nyumbani ananuka iodini, anavua buti mlangoni, anakula amesimama. Ukimwuliza siku yake ilikuwaje, anakutajia idadi ya ndama na wangapi walitoka miguu ya nyuma kwanza.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, na sababu ni moja. Mwezi uliopita nilitaja jina la marehemu mkeo Noreen mara mbili kwenye simu, na mara zote mbili laini ikakatika. Siku nyingine laini ya Nome haina shida yoyote. Karatasi haikatiki, kwa hiyo nakuomba uisome hii hadi mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Tessa anataka kuingia chuo kikuu Agosti hii kusomea mifugo, ili baadaye awe daktari wa wanyama. Maombi yanafungwa tarehe 1 Machi. Anaweza kuomba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani mtu aliyetoka sekondari na hajasoma chuo chochote. Au anaweza kuomba kama mwanafunzi wa kuhamia, aliyeanzia chuo kingine na kuja na masomo yake. Amezijaza fomu zote mbili. Kwa wiki tatu zilikaa juu ya friji yangu, kila moja chini ya sumaku yake, nami kila nilipofuata maziwa nikakutana nazo.

Kwenye karatasi, mwaka wa kwanza unapendeza. Alimaliza sekondari akiwa wa nne darasani, na hakuna doa. Shida ni kwamba fomu hiyo ina swali moja karibu na mwisho: je, umewahi kujiandikisha katika chuo chochote tangu umalize sekondari? Chini yake kuna mstari wa kutia sahihi kwamba majibu yote ni ya kweli.

Unakumbuka kwamba Agosti 2015 Tessa alijiandikisha masomo manne katika chuo cha wilaya. Mwanzoni mwa Septemba akaacha kwenda. Alikuwa na miaka kumi na minane na alidhani kuacha ni kuacha: huendi, basi umeondoka. Sivyo. Chuoni mtu haondoki kwa miguu, anaondoka kwa fomu. Asiyejaza fomu anahesabiwa yupo, na aliyepo bila kufanya mtihani anapewa F. Tessa alipata F nne bila kuuona mtihani hata mmoja. Hakujua mpaka bahasha ilipofika Januari, wiki sita baada ya mazishi ya mama yake.

Najua ulimwambia nini siku ya Krismasi, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika na mimi nilikuwa naosha vyombo. Ulimwambia, "Mwanangu, yale hayahesabiki. Jaza kama mtu aliyetoka sekondari jana. Nani atauliza?"

Leland, mimi nimefanya kazi ya kuuliza kwa miaka thelathini na moja. Watu wa kuuliza wapo. Nilipiga simu chuo kikuu bila kutaja jina la mtu nikapata jibu kwa dakika nne. Vyuo hupelekeana orodha za waliojiandikisha, na orodha hizo hukaa mahali pamoja nchi nzima. Aliyeficha anaweza kugundulika hata akiwa mwaka wa tatu, na akigundulika anarudishwa nyumbani. Yule bibi aliyenijibu hakuwa mkali. Alizungumza kama mtu anayetaja saa za kufungua ofisi.

Sasa upande wa kuhamia. Tangu Januari 2016 Tessa hakuwa na hamu hata ya kupita mbele ya chuo kile. Mwaka uliofuata akarudi kidogo kidogo, jioni na asubuhi kabla ya kazi. Hadi sasa amefaulu masomo tisa: A nane na B moja, na hiyo B ni ya hotuba, kwa sababu hataki kusimama mbele ya watu. Ukihesabu hayo tisa peke yake, wastani wake ni 3.89. Ukiongeza zile F nne unashuka hadi 2.69. Idara anayoitaka inaomba 3.0.

Basi ndiyo hali. Upande mmoja jina safi lenye uongo chini yake, upande wa pili ukweli ambao haufiki kiwango.

Mwanzoni nilidhani anaona aibu ya zile F. Nilikosea. Jumamosi ya wiki iliyopita nilitoka gazetini mchana, nikamkuta amepiga magoti bafuni kwangu, amekunja mikono ya shati, ndani ya bafu mna maji ya moto na ndama.

"Shangazi, usioge kwanza. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Wa Vernon. Alizaliwa kwenye theluji, masikio yalikuwa yameshaanza kuganda."

Nikaketi juu ya kifuniko cha choo kwa sababu hapakuwa na kiti kingine. Yeye akaendelea kumsugua mnyama kwa taulo. Lilikuwa taulo langu zuri, kama unataka kujua. Nikamwuliza kama ameshachagua.

"Baba anasema mwaka wa kwanza."

"Baba yako yuko Nome. Nimekuuliza wewe."

"Mwaka wa kwanza ni safi zaidi."

"Safi kwa nani?"

Alimgeuza ndama akaanza kumsugua upande wa pili, kisha akasema bila kuniangalia, "Nikihamia, lazima nizieleze zile F. Nikizieleza, lazima niseme nilikuwa peke yangu na mama. Nikisema nilikuwa peke yangu, watauliza baba alikuwa wapi."

"Alikuwa kazini."

"Wewe unajua hivyo. Mimi najua hivyo. Iweke kwenye karatasi uone inavyosomeka."

Nikaiweka kichwani kama ninavyoweka sentensi zote, nikaisoma. Mke anakufa kwa saratani, mume yuko Alaska, binti ameacha chuo. Alikuwa sahihi. Ilisomeka vibaya, na kila neno lake ni la kweli.

Lakini ilisomeka vibaya kwa sababu haijakamilika, na hilo nikamwambia. Ulikwenda Nome mwaka 2013, kabla Noreen hajajua kwamba anaumwa. Alipoanza matibabu, ni bima ya kazi yako iliyoyalipia, na ungeacha kazi ungeacha na bima. Wewe na Noreen mliamua hivyo mkiwa mezani kwenu, na mimi nilikuwepo. Sijamsikia mtu hapa Dolany akisema vingine, na unajua mimi husikia mengi. Anayekushitaki ni wewe mwenyewe, na mwanao amekaa miaka miwili anachunga usije ukashitakiwa tena.

Hiyo ndiyo sababu alitaka kuweka sahihi kwenye uongo, Leland. Ni kwa ajili yako.

Jirani yetu Vernon Sedlak alifika kumchukua ndama wake kwenye saa kumi. Bado ni yuleyule. Aliingia na theluji yote kwenye buti, akachungulia bafuni.

"Ardith, bafu lako lina joto kuliko kitanda changu."

"Hilo mlalamikie mkeo."

"Nimeshamlalamikia. Kanipa blanketi la farasi."

Nilimpa kahawa na kolache, yale maandazi yetu ya plamu, za kuoka mwenyewe, ambazo zilikuwa ngumu kidogo. Akala tatu bila kulalamika, ndipo nikajua ana njaa kweli. Akiwa mdomo umejaa akaziona zile fomu.

"Huyu mtoto anaenda chuo mara ya kwanza au mara ya pili?"

"Ndilo tunalobishania," nikasema.

"Mnabishania nini? Ile mara ya kwanza niliiona. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pikapu ya Leland yenye taa moja, huyu kwenye usukani na Noreen kando yake amejifunga mablanketi. Nikawa najua siku ya juma kwa kuwaona. Nikisema, leo takataka zinachukuliwa, Tessa kapita."

Jumanne na Alhamisi ndizo zilizokuwa siku za matibabu kule Omaha. Ndizo zilizokuwa pia siku za masomo yote manne. Nilikuwa sijawahi kuziweka pamoja mpaka Vernon alipozitaja akitafuta kolache ya nne.

Hakuishia hapo. "Halafu nikasoma gazetini kwamba Noreen alifariki akiwa amezungukwa na familia yake. Nikamwambia mke wangu, huyo mtoto kanenepa lini? Kamzunguka mtu akiwa peke yake." Akanielekezea kidole chenye sukari. "Na wewe, bibie, miaka thelathini unaturudishia barua zetu kwa sababu ya tarehe moja iliyokosewa."

Tessa alicheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka, kwa sababu ile tanzia niliiandika mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu una haki ya kujua. Jumanne ile, tarehe 17 Novemba, mimi nilikuwa Lincoln kwenye kikao cha maji ya umwagiliaji. Wewe ulikuwa uwanja wa ndege wa Nome unangoja ukungu uondoke, nao ukakaa siku mbili. Noreen alifariki saa tisa na dakika kumi alasiri. Tessa alikuwepo, na hapakuwa na mwingine. Nilirudi jioni, nikaketi kuandika, na nilipofika mahali pa kusema jinsi alivyofariki nikaandika maneno tunayowaandikia watu wote hapa. Amezungukwa na familia yake. Nimeyaandika labda mara mia nne. Jina lake la ukoo nililihakiki herufi kwa herufi. Tarehe ya ndoa yenu nilipiga simu kanisani kuhakiki. Maneno yale sikuyahakiki. Ndivyo tanzia zinavyoandikwa Dolany, na hakuna anayeuliza.

Sasa amepatikana wa kuuliza. Anaitwa Pilar Ocampo, ni mshauri wa wanafunzi pale chuo cha wilaya. Jumatatu nilikwenda kwake pamoja na Tessa. Ni mwanamke mfupi anayesema haraka. Ana kalenda ya timu ya mpira wa mwanawe ukutani, na juu ya meza sahani ya pipi ambazo mwenyewe hali. Alizisoma karatasi zote kabla ya kufungua mdomo, na hilo lilinifanya nimpende.

"Nani alikwambia F hizi ni za milele?" akamwuliza Tessa.

"Hakuna. Nilidhani tu."

"Basi acha kudhani, mama. Kudhani ndiko kulikokuletea F nne."

Kumbe ipo fomu ya kujiondoa kwa tarehe za nyuma. Ni kwa ajili ya mtu aliyeacha masomo kwa sababu ya msiba au ugonjwa mzito nyumbani, akashindwa kufuata utaratibu. Ombi linakwenda kwa kamati ya chuo. Kamati ikikubali, zile F zinafutwa na mahali pake panawekwa alama ya kujiondoa ambayo haiingii kwenye wastani. Anabaki na masomo tisa na 3.89. Anahamia akiwa mwanafunzi anayekaribia mwaka wa pili, na hafichi kitu.

Nilimwuliza Bi Ocampo kwa nini hakuna aliyemwambia Tessa mapema. Akajibu kwamba kila mwaka anakutana na watoto kama kumi wa aina hii, na kila mmoja wao aliona aibu kuingia ofisini kwake, kwa hiyo habari haikupata njia ya kuwafikia. Nimemwomba anipe mahojiano kwa ajili ya gazeti. Yatatoka Aprili.

Ombi linahitaji vitu vitatu: maelezo ya mwanafunzi mwenyewe, uthibitisho wa ugonjwa na kifo, na barua ya mtu mzima wa nyumba hiyo anayejua ilivyokuwa. Hospitali ya Omaha imeshatoa orodha ya tarehe za matibabu. Kwa kifo, Tessa alipeleka kipande cha gazeti letu.

Bi Ocampo alikisoma, akakiweka chini, akasema, "Hapa panasema alizungukwa na familia. Kamati itauliza, kama familia yote ilikuwepo, kwa nini ni huyu msichana aliyekosa masomo?"

Nikasema, "Mwandishi alikosea."

"Unamjua mwandishi?"

"Namjua."

Akaniangalia kidogo, akasogeza sahani ya pipi upande wangu. Nikachukua moja.

Vernon ameshaandika barua yake. Ni nusu ukurasa kwenye karatasi ya kampuni ya mbegu, na ametaja hata ile taa moja ya pikapu. Bi Ocampo anasema inasaidia lakini haitoshi, kwa sababu Vernon ni jirani. Mimi siku zile sikuwa nikiishi nyumbani kwenu. Mtu mzima wa nyumba ile ni wewe peke yako.

Sasa nifike mwisho wa habari ya fomu. Jumatano jioni nilitarajia kuzikuta zote mbili kwenye friji kama kawaida. Nikaikuta sumaku moja haishiki kitu. Ile fomu ya mwaka wa kwanza ilikuwa sakafuni chini ya ndoo ya maziwa ya ndama, imelowa. Nyuma yake Tessa alikuwa ameandika uzito wa ndama wawili wa kwa akina Brandt na saa za kuwalisha. Ile ya kuhamia alikuwa ameshaituma mchana, na F zake nne, bila ombi la kuzifuta.

Nikamwuliza kwa nini ameituma hivyo, ilhali ombi halijakwenda kwenye kamati.

Akasema, "Sitaki kudanganya, Shangazi. Lakini pia sitaki kumburuta baba. Wakinichukua na 2.69, sawa. Wasiponichukua, ng'ombe wa Brandt bado watazaa mwakani."

Nikamwambia kamati inakutana Jumanne, tarehe 27 Februari, na chuo cha wilaya kinaweza kutuma matokeo yaliyorekebishwa siku hiyohiyo. Akasema anajua. Akasema ombi litakwenda kwa sharti moja: baba aambiwe kwanza, na baba akubali mwenyewe. Usipotaka, analiondoa na hataki nikusumbue.

Ndiyo maana nakusumbua mimi, kabla hajasema mara ya pili.

Leland, sikuombi uombe radhi. Kamati haina haja na radhi yako, na Tessa hana haja nayo vilevile. Wanahitaji karatasi moja yenye tarehe na sahihi. Sema ulikuwa wapi na kwa nini. Sema nani aliyemwendesha Noreen hadi Omaha Jumanne na Alhamisi, kuanzia Septemba hadi Novemba. Sema nani alikuwa naye siku ya mwisho. Usieleze zaidi. Nikipata mtu wa kuandika habari hivyo ofisini kwangu nitamwajiri. Ikiwa mkono utakwama, anza na hali ya hewa: siku ile Nome kulikuwa na ukungu, na hilo lina rekodi.

Ukimaliza, mwombe karani wa ofisi yenu aipige picha aitume kwa barua pepe kwa Bi Ocampo. Anwani nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye kadi iliyomo ndani ya bahasha hii. Ikifika kabla ya Ijumaa tarehe 23, iko ndani ya muda. Bahasha hii nailipia usafiri wa haraka kesho asubuhi, nao wameniahidi itakuwa mkononi mwako Alhamisi. Nimeandika jina la aliyeniahidi.

Nilimwuliza Bi Ocampo anaonaje uwezekano. Si mtu wa kuahidi. Alisema katika miaka kumi na moja ameona maombi mengi, na mtu anayerudi peke yake baada ya F nne akapata A nane, kamati humtazama mara mbili. Kisha akasema amemwandikia rafiki yake wa ile idara ya mifugo amwambie asubiri matokeo mapya. Mimi hupima watu kwa wanachofanya kabla hawajaombwa. Nina matumaini, nami silitumii neno hilo ovyo.

Mambo mengine ni madogo. Pikapu yako nimeitengenezea ile taa ya pili, baada ya kuona inaanza kujulikana kisheria. Kanisani wamepata kinanda kipya na mpigaji yuleyule. Vernon amempa ndama wa bafuni jina langu. Nilipolalamika akasema ni kwa heshima, kwa sababu naye halali na anapiga kelele akiona kosa.

Tessa ameanza tena kuimba akiwa anaosha buti. Sauti ni ya Noreen kabisa, na nyimbo ni mbaya vilevile. Nilidhani ungependa kujua.

Wasalimie wenzako wa kambini, hasa yule mzee Oquilluk aliyekufundisha kuvaa soksi mbili, na karani wenu ambaye namwomba msamaha mapema kwa kazi ninayompa. Shangazi Libuse anakusalimu kutoka nyumba ya wazee. Anauliza kila wiki kama umeoa Mweskimo, nami kila wiki namwambia hawaitwi hivyo. Vernon na mkewe wanakusalimu. Tessa anakusalimu, na hajui nimeandika haya yote, ingawa nadhani ananishuku.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, akuongoze mkono unapoandika, na akurejeshe salama mwezi wa Agosti, kwa sababu kutakuwa na masanduku ya kubebwa kwenda bwenini na goti langu si bora kuliko lako.

Wako akupendaye daima,
dada yako,

Ardith

N.B. Hii hapa chini itatoka Jumatano tarehe 21, ukurasa wa pili, mahali pa kawaida. Kosa ni langu, kwa hiyo itatoka hata kama hutaandika chochote. Jina lako halimo. Nimeona uisome wewe kwanza, kabla ya mji.

MASAHIHISHO: Tanzia ya Noreen Kubicek iliyochapishwa katika gazeti hili tarehe 25 Novemba 2015 ilisema kwamba alifariki akiwa amezungukwa na familia yake. Alikuwa na binti yake Tessa, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minane, ambaye alimwendesha kwenda matibabu na kumtunza kwa wiki kumi hadi mwisho. Gazeti linasikitika kwa kosa hilo.